KUUNGANISHA KOMPYUTA NA REDIO KUBWA YA NYUMBANI

Mwaka jana, wiki moja kabla ya shule kufungwa, nilipita shuleni kuwasalimu walimu. Nilipoingia ukumbini niliwakuta vijana wa chama cha muziki wameizunguka meza moja, wameinama kama waganga juu ya ramli. Juu ya meza palikuwa na kompyuta, na kando yake risiva kubwa nyeusi ya zamani pamoja na spika zake mbili, zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliyekuwa akihama nyumba. Vijana walitaka nyimbo walizojirekodi wenyewe zisikike ukumbini Siku ya Wazazi, nayo ilikuwa imebaki siku nne tu. Lakini risiva ilikuwa ikinguruma kama jenereta, na sauti za kwaya zilitoka nzito, zimekwaruzika, neno halifahamiki.

Mhariri ameniomba niyaandike tuliyoyafanya siku ile. Nimekubali upesi, kwani najua ya kuwa nyumbani mwa wengi wenu mna risiva kama ile, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haina kazi tangu kanda zilipokwisha. Haifai kuitupa. Risiva ya miaka thelathini iliyotunzwa vizuri mara nyingi huishinda kwa mbali spika ndogo ya plastiki inayouzwa leo sokoni.

Kwanza yafaa tujue risiva ni kitu gani. Ni vyombo viwili katika sanduku moja: redio, na amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti. Sisi twaitaka ile amplifaya. Kompyuta hutoa umeme wa sauti katika tundu lake dogo, lakini umeme huo ni kama volti moja tu au pungufu, nao watosha kutikisa vispika vya masikioni, basi. Hauwezi kuusukuma utando mpana wa spika ya ukumbini. Amplifaya huupokea umeme huo mdogo, kisha, kwa nguvu inayotoka ukutani, hutengeneza mwingine mkubwa unaofuata umbo lile lile. Mtoto afunguaye bomba la tangi hatumii nguvu nyingi, na maji yakatoka kwa kishindo. Nguvu ya maji ni ya tangi, si ya mkono wa mtoto.

Waya unaotakiwa si wa ghali. Upande mmoja una plagi moja nyembamba ya milimita 3.5, na upande wa pili una plagi mbili, nyekundu na nyeupe. Ile nyembamba huingia katika tundu la kompyuta lenye picha ya vispika vya masikioni. Katika kompyuta za mezani tundu hilo huwa la rangi ya kijani. (Lile la waridi ni la maikrofoni, msilitumie.) Ukiitazama plagi hiyo utaona imegawanywa na vipete vyeusi katika sehemu tatu: ncha ni ya sauti ya kushoto, pete ya katikati ni ya kulia, na shina ni njia ya kurudia ya zote mbili. Zile plagi mbili huitwa RCA, kwa jina la kampuni ya Marekani iliyozianzisha katika miaka ya 1930 ili kuunganisha gramafoni na redio. Nyekundu ni ya kulia, nyeupe ni ya kushoto.

Hapo ndipo vijana wetu walipokosea mara ya kwanza. Nyuma ya risiva mna matundu mengi yenye majina: PHONO, CD, AUX, TAPE, na mengineyo. Wao walichomeka katika PHONO, wakidhani ya kuwa neno hilo lina maana ya simu! Kumbe ni tundu la gramafoni, tena ni tundu lisilofanana na yote mengine. Sindano ya gramafoni hutoa umeme mdogo mno, kama elfu tano za volti, yaani sehemu 5 katika 1000. Kwa sababu hiyo nyuma ya tundu la PHONO mna amplifaya nyingine ndogo, inayoukuza umeme huo kama mara mia moja kabla haujafika katika amplifaya kubwa. Basi mtu akitia humo volti moja ya kompyuta, ametia kitu kikubwa mara mia mbili kuliko kinachotazamiwa.

Tena liko jambo la pili. Watengenezaji wa santuri hupunguza sauti nene na kuongeza sauti nyembamba wanapochonga sahani, ili mifereji isipanuke ikagusana, na ili mikwaruzo ya sahani isisikike sana. Kanuni ya kufanya hivyo ilipatanwa huko Marekani mwaka 1954. Tundu la PHONO hurudisha mambo yalivyokuwa: huongeza nene na kupunguza nyembamba. Wimbo wa kompyuta haukupunguzwa chochote, kwa hiyo huzidishwa besi bure. Ndiyo maana sauti ya kwaya ilikuwa kama ya watu waimbao ndani ya pipa. Tuliihamisha plagi katika AUX, tukageuza kitufe cha mbele kielekee AUX, na sauti ikawa safi mara moja. CD nayo ingefaa vile vile. Kwa TAPE, mwangalie: matundu yaliyoandikwa IN au PLAY hupokea, yale ya OUT au REC hutoa. Ukichomeka katika OUT utakaa kutwa nzima husikii kitu.

Juu ya nyaya za spika nina la kuungama. Nilipokuwa Kidato cha Pili niliiunguza redio ya mjomba wangu. Nilimenya waya kwa meno, nikazisokota nyuzi kwa haraka, na uzi mmoja mwembamba kama unywele ukabaki nje, ukaugusa upande wa pili. Nikawasha, nikafungua sauti, na baada ya dakika chache nikaona moshi. Mjomba hakunipiga, lakini hakusema nami siku tatu, na hayo yaliniuma zaidi. Basi meny'eni kama sentimita moja tu, sokoteni nyuzi zote ziwe kitu kimoja, kisha chunguzeni kwa macho pasiwe na hata uzi mmoja uliotoroka. Na kazi hiyo yote ifanywe risiva ikiwa imechomolewa ukutani, si kuzimwa tu.

Nyekundu ya risiva iende kwa nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi. Mkigeuza katika spika zote mbili hapana madhara, lakini mkigeuza moja tu, spika moja itakuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anapoivuta, na besi itakufa hapo katikati. Kama rangi zimefutika, chukueni betri ya tochi ya volti 1.5, mguse nayo nyaya za spika mara moja tu, mwachie. Utando ukiruka mbele, waya uliogusa upande wa chanya wa betri ndio wa nyekundu.

Tazameni pia namba ya ohmu nyuma ya spika, mara nyingi ni 8, 6 au 4. Risiva nayo imeandikwa kiasi inachoweza. Spika mbili za ohmu 8 zikifungwa pamoja katika tundu moja huwa ohmu 4, na mbili za ohmu 4 huwa 2. Na ohmu zikipungua ndivyo risiva inavyochotwa umeme mwingi mpaka ikachemka. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuongeza spika ya tatu na ya nne kwa kuwa tu amezipata.

Sasa nije katika ile ngurumo, kwani ndiyo iliyotutoa jasho. Tulipohamia AUX sauti ya kwaya ilikuwa nzuri, lakini chini yake mlikuwa na mvumo usiokatika, mmm, hata wimbo uliposimamishwa. Mvumo wa namna hiyo ni umeme wa ukutani wenyewe, ambao katika nchi zetu hugeuka mara 50 kila sekunde. Uliingiaje? Vijana walikuwa wameiunganisha risiva na kompyuta, na pia na mashine ya maikrofoni ya ukumbi. Kompyuta ilichomekwa katika ukuta wa kulia, mashine ya maikrofoni katika ukuta wa kushoto, na zote mbili zina plagi ya miguu mitatu, maana yake kila moja ina waya wa ardhi. Hivyo palikuwa na mviringo kamili: kutoka ardhi ya ukuta wa kulia, kupitia kompyuta, waya wa sauti, risiva, mashine ya maikrofoni, mpaka ardhi ya ukuta wa kushoto, na kurudi tena kwa nyaya za ndani ya kuta. Ardhi za kuta mbili hazilingani sawasawa, na ile tofauti ndogo hutembea katika waya wa sauti, nayo amplifaya huikuza kama inavyokuza wimbo.

Tulihakikisha kwa njia nyepesi. Tulichomoa waya wa maikrofoni, mvumo ukakoma. Tukaurudisha, ukarudi. Tukaweka laptopu ya mwalimu mmoja, inayotumia betri yake bila kuchomekwa, mahali pa kompyuta, ukakoma tena.

Hapo kijana mmoja mwerevu, aliyekuwa ameshika bisibisi muda wote, alisema, "Kaka, tufungue plagi ya mashine ya maikrofoni tuutoe ule waya wa kijani na njano. Nimeona fundi akifanya hivyo." Alisema kweli, mviringo ungekatika, na mvumo ungekoma. Nilimwomba anipe bisibisi, nikaitia mfukoni.

Ule waya wa kijani na njano hauhusu sauti hata kidogo. Siku waya wenye moto ukilegea ndani ya mashine ukagusa bati lake, waya wa ardhi huuchukua umeme huo mwingi, na fyuzi hukatika papo hapo. Ukiwa umeondolewa, fyuzi haikatiki, taa zaendelea kuwaka, mashine yaendelea kufanya kazi, na bati lote lina volti 240, lamngoja mtu. Na ni nani atakayeligusa? Ni mwimbaji, aliyeshika maikrofoni ya chuma karibu na midomo yake, mkono una jasho. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Scotland, Leslie Harvey, alikufa jukwaani katika mji wa Swansea, mbele ya watu waliokuja kumsikiliza, alipogusa maikrofoni ambayo haikuunganishwa vema na ardhi. Niliwaeleza vijana habari hiyo. Yule wa bisibisi aliuliza, "Hata kwa kugusa tu?" Ndiyo, hata kwa kugusa tu.

Dawa yetu ilikuwa hii. Tulileta waya mmoja wa ekstensheni, tukachomeka vyombo vyote vitatu humo, ili vitumie ardhi ya mahali pamoja. Mvumo ukapungua mpaka ukawa hausikiki ila kwa kuweka sikio penye spika. Vyombo hivyo vitatu havili umeme mwingi, ekstensheni ya kawaida yaviweza. Lakini birika la chai lisichomekwe pamoja navyo. Kwa mabaki ya mvumo nilinunua kisanduku kidogo chenye transfoma mbili ndani, kinachowekwa katikati ya waya wa sauti. Sauti hupita humo kwa nguvu ya sumaku pasipo waya kugusana na waya, na mviringo hukatika bila kuharibu plagi ya mtu yeyote.

Kwa risiva mpya zaidi ziko njia nyingine. Upo waya wa mwanga, ulioanzishwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1983: husafirisha sauti kwa nuru nyekundu, na kwa kuwa nuru si umeme, mvumo hauna pa kupita. Upo wa HDMI, unaochukua picha na sauti pamoja. Ipo Bluetooth, isiyo na waya, inayofaa chumbani kwa hatua chache. Lakini mara nyingi huchelewesha sauti kidogo, hata midomo ya msemaji katika filamu hutangulia maneno yake.

Mimi mwenyewe napenda zaidi kigeuzi kidogo cha nje kinachochomekwa katika tundu la USB. Ndani ya kompyuta sauti si sauti, ni hesabu: katika sahani ya CD, mathalan, kimo cha wimbi hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huchagua ngazi moja kati ya 65,536. Lazima hesabu hizo zigeuzwe kuwa umeme, na kigeuzi kilichomo ndani ya kompyuta hukaa katikati ya kelele za mitambo mingine. Katika kompyuta duni waweza kusikia mchakacho kila usogezapo kipanya. Kigeuzi cha nje hukaa mbali na fujo hiyo.

Mkimaliza kuunganisha, bonyezeni picha ya spika katika kioo cha kompyuta, mchague mahali sauti inapotoka, maana mara nyingine waya ni mzima na kompyuta imeng'ang'ania spika yake yenyewe. Sauti ya kompyuta ipandisheni karibu na mwisho, kisha mtumie kitasa cha risiva, kikianzia sifuri. Mkifanya kinyume, kelele za njiani hukuzwa pamoja na wimbo. Zimeni pia milio ya ujumbe. Siku ya Wazazi, katikati ya ubeti wa pili, kengele ya barua ililia kwa nguvu zote za ukumbi, na mzazi mmoja mstari wa mbele akatafuta simu yake mfukoni.

Wakati wa kuwasha, kompyuta itangulie na risiva iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, risiva iwe ya kwanza, ili ule mshindo wa kompyuta usizipige spika. Waya wa spika uliobaki, kama mita sita, nimeuacha kwa mlezi wa chama cha muziki pamoja na ile bisibisi.