Oili Inavuja Wapi? Siku Nne na Mashine ya Kusaga

Mwezi uliopita wengi wenu mliona wenyewe: mashine ya kusaga iliyo karibu na shule yetu hapa Nakivale ilifungwa siku nne, na akina mama wakabeba mahindi kichwani mpaka mbali. Tena mlituona sisi walimu wa kujitolea pale tukiwa na mikono myeusi, mkacheka. Basi leo tunawaeleza tulikuwa tunafanya nini.

Mashine ni ya mama mmoja mjane, na watoto wake watatu tunawafundisha. Injini ni ile ya Kichina ya silinda moja, nguvu za farasi 12, yenye tangi la maji juu na gurudumu zito pembeni. Ilianza kuvuja oili kidogo kidogo. Kijana wake mkubwa akawa anaongeza kila asubuhi, siku zinaenda. Baadaye akaitwa fundi wa sokoni. Fundi akaona oili nyuma ya gurudumu zito, akasema sili imekufa. Akaweka mpya, akalipwa shilingi 35,000. Hela hiyo ilikuwa ada ya binti wa pili. Kabla ya wiki kuisha, oili ikarudi palepale.

Mama alikuja shuleni, akasema, “Walimu, nyinyi mumesoma. Mje muone.” Kusoma tumesoma, lakini injini hatukusoma! Tukamwendea mzee mmoja wa mtaa wetu ambaye zamani alitengeneza injini za maboti kule Kalemie. Tukamwambia, “Baba, tusaidie, sili mpya inavuja.” Akauliza neno moja tu: “Mliiosha?”

Hatukuiosha. Hapo ndipo kosa la wengi lilipo. Injini ya kusaga imevaa koti la unga na oili iliyoganda, na oili ikitoka juu inateremka, tena upepo wa gurudumu unaitupa pembeni. Mahali inapodondokea si lazima ndipo inapotokea. Siku ya kwanza yote tulisugua kwa matambara na mazutu (wenzetu wa hapa wanaita dizeli), injini ikiwa imepoa kabisa. Petroli mzee alikataza, inashika moto haraka. Tukakausha. Halafu akachukua majivu makavu ya jikoni, yaliyochekechwa, akanyunyiza juu ya bati na bolti zote, mbali na mdomo wa kuvutia hewa. Injini ikawashwa dakika kumi, ikazimwa. Penye kuvuja majivu yanalowa na kuwa meusi, na unachotafuta ni pale palipolowa juu kuliko pengine pote.

Tuliona sehemu tatu, si moja. Mfuniko wa juu wa valvu ulikuwa unatoka jasho. Bolti ya kumwagia oili chini ilikuwa na tone. Na nyuma ya gurudumu, kwenye ile sili mpya, mstari mzima umelowa.

Sisi tulikuwa tayari kufungua gurudumu. Mzee akasema, “Wanangu, ngojeni.” Akawasha tena, akafungua kifuniko cha kutilia oili. Moshi ukatoka kwa nguvu, puu! puu! Kila injini hupumua pale kidogo, lakini hii ilikuwa inasukuma kama mtu aliyebanwa kifua. Akatueleza hivi: moto wa ndani ukilipuka, hewa kidogo hupenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye sanduku la oili. Lazima itoke nje kupitia tundu la kupumulia. Tundu likiziba, hewa inatafuta njia nyingine na kuisukuma oili kwenye sili na gasketi. Mama mwenye mashine akaelewa mbele yetu. Akasema, “Ni kama sufuria ya maharage iliyofunikwa sana, povu linatokea pembeni.” Ndiyo hivyo hasa.

Tundu lenyewe lilikuwa limejaa unga ulioshikana na oili, mgumu kama ugali wa jana. Lina kipande chembamba ndani kinachofunguka kutoa hewa na kujifunga. Tulikiosha kwa mazutu, tukapuliza, tukahakikisha kinacheza na hakijapasuka. Tukawasha, na ile puu puu ikapungua sana. Mzee akasema kama isingepungua, na moshi wa buluu ungekuwa mwingi, basi ringi za pistoni zingekuwa zimechoka, na hiyo ni kazi nyingine na hela nyingine.

Mfuniko wa valvu ulitaka gasketi. Tulinunua karatasi yake dukani, tukailaza juu ya mfuniko, tukagonga ukingo polepole kwa nyundo ndogo mpaka alama ikatoka, tukakata kwa mkasi wa shule. (Mkasi haujapona mpaka leo.) Bolti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, huku na kule. Ukikaza upande mmoja kwa hasira, bati linapinda, na utavuja zaidi. Ile bolti ya chini ilikuwa na pete ya shaba iliyokuwa ngumu. Mzee aliiweka kwenye makaa ya mbabula mpaka ikawa nyekundu, akaitia majini, ikawa laini tena. Sabuni ambayo watu wanapaka, inashika kwa muda kwenye tangi la mazutu. Kwenye oili ya moto inayeyuka.

Kabla ya kutengeneza tuliweka kopo chini, mashine ikasaga saa moja, tukapata mililita 100. Kwa saa tano kwa siku hiyo ni nusu lita, na kwa siku sita ni lita tatu! Watoto wa darasa la tano ndio walipiga hesabu hiyo. Baada ya kazi, kopo lilikuwa na matone machache, na sili ya sokoni haikuguswa.

Wenye mashine, tunawaomba: pimeni oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa imesimama sawa. Futeni stiki kwanza, ichomekeni, ndipo msome. Msizidishe alama ya juu, nayo inaleta kuvuja. Kile kidude chekundu cha juu kikikataa kuinuka injini ikiwaka, zimeni hapohapo. Msisogeze mkono wala kitenge karibu na mkanda. Oili chafu isimwagwe karibu na bomba la maji, na watoto wasiichezee.

Ada ya binti bado haijatimia, mama analipa kidogo kidogo. Jumamosi asubuhi mzee atakuwa chini ya mwembe wa shule. Mwenye tundu la kupumulia lililoziba alilete, na mkasi wake.