Kabla ya Maafa: Fedha za Kampuni na Usalama wa Mitaa ya Eldoret

Julai 2011, ukame ulipowabana wakazi wa kaskazini mwa Kenya, Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya. Walilenga kuchangisha shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na lengo hilo likavukwa. Kampuni za Kenya si bahili maafa yakishatokea. Kibarua ni kuzishawishi zitoe mapema: mtaro uzibuliwe kabla ya masika, taa iwake kabla mtu hajaporwa, majirani waketi pamoja kabla siasa hazijapamba moto.

Eldoret inaijua gharama ya kuchelewa. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo kujinusuru. Kote nchini zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi, na uchumi uliokuwa umekua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007 ukakua kwa chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata. Wafanyabiashara walisoma hesabu hiyo. Mwaka 2012 muungano wao, KEPSA, ulizindua kampeni ya Mkenya Daima kuhimiza uchaguzi wa amani.

Hiyo ilikuwa kampeni ya taifa zima. Mashinani, mfano wa kuigwa ulitoka Eldoret kwenyewe, tena kanisani. Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret, aliyefariki mwaka 2017, aliwapa hifadhi maelfu ya watu wakati wa ghasia hizo katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Njia yake ya kupatanisha aliieleza katika kitabu cha mwaka 2009, Amani Mashinani. Kwanza kila jamii huketi peke yake na kutoa ya moyoni. Kisha pande mbili hukutanishwa na kuafikiana. Baadaye hutafutwa mradi ambao wote wanauhitaji, kama barabara au shule, ili wawe na sababu ya kuendelea kuonana.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoweza kufadhiliwa na kampuni. Hakuna mhasibu awezaye kukagua maridhiano, lakini kivuko cha miguu kina bei, kina risiti na kina watu wa kuhesabika wanaokitumia kila siku.

Kila kampuni huwa na hesabu yake. Nchini Marekani, kampuni ya bima ya State Farm imewahi kutoa ruzuku za dola 25,000 kwa miradi ya mitaa iliyopendekezwa na kupigiwa kura na wananchi. Ajali na majanga yakipungua, fidia nazo hupungua. Jijini Nairobi, kuanzia mwaka 2002, mpango wa Adopt-a-Light ulizikaribisha kampuni kugharamia taa za barabarani, nazo zikapata nafasi ya kutangaza biashara kwenye nguzo. Baadaye mpango huo ulizama katika mvutano na Baraza la Jiji. India imeamua kwa sheria ya mwaka 2013: kampuni kubwa hutakiwa kutenga asilimia 2 ya faida kwa kazi za jamii. Kenya haina sharti kama hilo, kwa hiyo kikundi lazima kiombe, na kiombe vizuri.

Karatasi ndizo huwaangusha wengi. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi cha kawaida huhitaji angalau watu 10. Mashirika makubwa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutumika Mei 2024 tu. Kisha kuna kodi. Kampuni ikitoa shilingi milioni 1 kwa shirika lenye cheti cha msamaha wa kodi, inaweza kuiondoa katika faida inayotozwa. Kwa kiwango cha asilimia 30, imeokoa shilingi 300,000. Kikundi cha vijana wa Langas au Huruma, mitaa ya Eldoret, kisicho na cheti hicho kinaweza kuomba kikiwa chini ya mwavuli wa shirika lililo nacho.

Tuchukue mfano wa taa ya mlingoti mrefu, ile ambayo Wakenya wameibatiza mulika mwizi. Siku ya kuizindua, picha hupigwa. Jioni, mama mboga huongeza saa za kuuza na waendesha bodaboda hugeuza chini yake kuwa stendi. Miezi ikipita balbu huungua, na hapo maswali huanza: bili ya umeme ni ya nani? Nani atapanda huko juu? Ombi linalotaja bei ya nguzo pekee limeomba chuma. Ombi kamili huambatanisha barua ya kaunti ya kukubali bili, jina la fundi, na rekodi ya matukio ya uhalifu kabla ya taa, ili baada ya mwaka mmoja pawe na cha kulinganisha.

Eldoret ilitawazwa kuwa jiji la tano la Kenya Agosti 15, 2024, na hadhi hiyo huvuta wawekezaji. Viongozi wa mitaa wasingoje ghasia wala mafuriko ndipo wabishe hodi kwa kampuni. Waanze kwa kusajili kikundi, wafungue akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na wachague mradi mmoja ambao jirani wa upande wa pili pia anautaka.