Gari Kushoto, Mtoto Kulia

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya barabara, kwani nayo huumiza watoto na kuwaua.

Hapa Kenya gari huendeshwa upande wa kushoto. Sheria hii ni ya dereva, lakini inamlinda pia mwenye kutembea kwa miguu, kwa sababu inamjulisha gari litatokea wapi.

Ukisimama kando ya barabara, gari lililo karibu nawe hutokea kulia. Kwa hivyo mfundishe mtoto: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kisha vuka bila kukimbia. Pasipo na njia ya miguu, tembeeni upande wa kulia ili muyaone magari yanayokuja. Mshike mtoto mkono, naye awe upande ulio mbali na magari. Usimwache mdogo avuke peke yake. Bado hawezi kukadiria mwendo wa gari.

Hatari iko wapi? Msongamano unapozidi kuelekea Daraja la Nyali au karibu na soko la Kongowea, madereva wengine huteremka kando ya lami, pale pale wanapopita watoto. Wengine huhamia upande wa kulia. Bodaboda na tuktuk nazo huja kinyume. Hapo mtoto aliyetazama kulia hugongwa na chombo kilichotoka kushoto.

Basi polisi wa trafiki akimsimamisha dereva wa namna hiyo, usikasirike kwamba unachelewa. Njia inayolindwa ni ya mwanao. Na dereva akitoa kitu kidogo aachiliwe, jua kwamba kesho atapita hapo hapo.

Abiria pia ana sehemu yake. Mwezi wa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, kanuni mpya za matatu zilianza kutumika: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mikanda kwa kila abiria. Abiria naye alitakiwa kuifuata sheria, si dereva peke yake.

Mama, fanya haya:

1. Dereva akiacha upande wake, mwambie arudi. Usimhimize awahi.
2. Asiposikia, shuka kwenye kituo, andika nambari ya gari na upige ripoti polisi.
3. Usipande bodaboda inayokwenda kinyume, hata kama ni hatua chache.
4. Mkishuka, ngojeni gari liondoke ndipo mvuke. Msipite mbele wala nyuma yake.

Ajali ikitokea, piga 999 au 112.

Jioni ya leo, mpeleke mwanao kando ya barabara mnayoitumia, akuonyeshe yeye mwenyewe gari hutokea wapi.