Ukumbusho wa Mbaraka Mwinshehe

Ndugu wasomaji wa Kilosa na Mikumi, wengi wetu tunalijua jina la marehemu Mbaraka Mwinshehe. Alikuwa mwana wa mkoa wetu wa Morogoro, aliyezaliwa mwaka 1944. Alitunga nyimbo, aliimba na alipiga gitaa. Mwaka 1970 alikwenda Japani na bendi ya Morogoro Jazz, kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Mwaka 1973 aliiacha bendi hiyo, akaunda Super Volcano. Januari 1979 alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu.

Baada ya kifo chake, kampuni ya Polygram ya Nairobi ilitoa santuri kubwa na kaseti zilizoitwa Ukumbusho. Huo ni mkusanyo. Mkusanyo ni nini?

Zamani wimbo ulitoka kwanza kwenye santuri ndogo. Upande mmoja ulicheza dakika chache tu. Kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Ukimalizika upande wa kwanza, unainuka kuigeuza santuri ndipo usikie mwisho wake. Tena santuri hizo zilikwaruzika, zikavunjika, zikapotea.

Santuri kubwa huchukua dakika kama 20 kila upande. Basi nyimbo zilizotawanyika huwekwa hapo pamoja, kama mavuno yanavyotiwa ghalani. Hata kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1979 anaweza kuusikia wimbo wa Shida na nyingine nyingi.

Lakini ghala halijai lenyewe, siyo? Yapo mambo mawili. Kwanza, lazima wimbo uwe umehifadhiwa. Pili, jina la mtunzi liwe limeandikwa. Jina hilo si pambo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ililinda kazi ya mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Jina likikosekana, warithi watadai kwa ushahidi gani?

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda tuna nyimbo za ngoma, za kulima na za kubembeleza watoto. Nyingi hazijaingia kwenye santuri yoyote. Zimo vichwani mwa wazee. Mzee akifa, anaondoka nazo.

Tulijifunza kusoma na kuandika. Basi tuutumie ujuzi huo. Nunua daftari moja. Mwendee bibi au babu, mwombe akuimbie. Andika maneno ya wimbo, jina la aliyemfundisha, kijiji na mwaka. Kama una simu, rekodi sauti yake pia, kwa ruhusa yake.

Mbaraka aliwekewa ukumbusho kwa sababu sauti yake ilihifadhiwa. Na wazee wetu je? Kalamu tunayo. Tuanze leo.