Alfajiri kwanza, kisha jua: tunavyojiandaa kupanda Ngozi

Sisi wakazi wa Lyulilo hatujapata kuliona jua likichomoza kutoka upeo wa macho. Mashariki yetu imezibwa na Milima ya Livingstone, ambayo inasimama wima tangu ukingo wa Ziwa Nyasa. Kunapambazuka, wavuvi wanarejea na mitumbwi, moto unawashwa jikoni, watoto wanakwenda madrasa, na bado jua halijavuka mlima. Likija kuonekana, huwa limekwishachomoza kitambo kirefu. Ni sisi tu tuliofichwa.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa wazo la safari ya familia za msikiti wetu kwenda kuyatazama macheo juu ya volkano. Wilaya jirani ya Rungwe imejaaliwa milima ya namna hiyo. Upo Rungwe wenyewe, wenye urefu wa takriban mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Upo Kyejo, ambao mara ya mwisho ulitoa mawe ya moto yaliyoyeyuka yapata mwaka 1800. Na lipo Ziwa Ngozi, lililokaa ndani ya kasoko kubwa katika safu ya Poroto, kati ya Tukuyu na Mbeya. Kamati iliichagua Ngozi. Kilele cha Rungwe kinataka siku nzima na miguu ya vijana, lakini ukingo wa Ngozi waweza kufikiwa na baba, mama na mtoto aliyekwisha kuzoea kutembea, kwa mwendo wa saa moja hivi au zaidi kidogo kupitia msituni.

Kabla ya kueleza mipango ya mwaka huu, hatuna budi kusema ukweli wa mwaka jana, maana mipango hii imejengwa juu ya kosa lile.

Mwaka jana tulikodi gari, tukaafikiana kuondoka Lyulilo usiku wa manane ili kukuche tukiwa juu. Gari lilichelewa. Watoto walilala barazani mwa msikiti wakiwa wamejifunika kanga za mama zao. Tulipopita Tukuyu weupe ulikuwa umetanda, na kila tuliyemwomba asimamishe gari tuswali alijibu kwamba mbele kidogo pana mahali pazuri zaidi. Tuliposhuka hatimaye, ukazuka ubishi kando ya barabara. Wenzetu walisema wakati ungalipo, kwa kuwa jua halijaonekana juu ya milima. Imamu wetu aliitazama saa, akaitazama ratiba, akainamisha kichwa. Wakati ulikuwa umetoka. Tuliswali kadhaa, watu zaidi ya thelathini, tena tukiwa tumesafiri kwa hiari yetu kwenda kutazama moja ya alama za Mwenyezi Mungu.

Tuliporudi, bibi yetu mmoja ambaye hakusafiri alituuliza habari za huko. Tulimsimulia ziwa, msitu na ukungu. Kisha mtoto, kama ilivyo ada ya watoto, akasema lile ambalo wakubwa walikuwa wamelinyamazia. Bibi alikaa kimya kidogo, akasema: "Wanangu, mmekwenda kulitazama jua, na Mwenye jua hamkumwitikia?" Hakuongeza neno.

Swali lile halikuishia kwenye safari. Lilitufanya tuutazame upya ule ubishi wa barabarani, tukagundua kwamba ni ubishi wa kila siku hapa kwetu. Wapo miongoni mwetu, na sisi wanakamati tumo, tuliokuwa tukiamka tumechelewa na kujipa moyo kwamba jua halijavuka mlima, basi Alfajiri ingalipo. Sivyo. Wakati wa Alfajiri hukatika kwa kuchomoza jua katika upeo wake, si kwa kuonekana kwake juu ya kizuizi kilicho mbele yetu. Ni kama machweo: jua likijificha nyuma ya mlima, mtu hafuturu kwa sababu hiyo tu. Mlima hauna mamlaka ya kuongeza wakati wala kuupunguza. Hapa Lyulilo, tofauti kati ya macheo ya kweli na jua kuvuka mlima ni zaidi ya nusu saa. Hiyo ni nafasi ya kutosha kumfanya mtu aswali kadhaa mwaka mzima akidhani anaswali kwa wakati.

Lipo na kosa la upande wa pili. Baadhi ya nyumba hufuata adhana ya redio kutoka Dar es Salaam. Dar es Salaam iko katika longitudo ya digrii 39 hivi, nasi tuko katika 34. Kila digrii moja ni dakika nne. Kwa hiyo alfajiri na macheo hutufikia dakika ishirini hivi baada ya wao, zikipungua au kuongezeka kidogo kwa msimu. Anayeswali Lyulilo mara tu asikiapo adhana ya huko huenda ameswali kabla ya wakati kuingia. Tangu mwaka jana tumebandika ukutani mwa msikiti ratiba iliyokokotolewa kwa ajili ya Kyela, na tunaziomba familia ziinakili na kuitundika nyumbani.

Sasa mipango ya safari. Tumechagua likizo ya Juni kwa sababu mbili. Mvua za masika, ambazo huku hunyesha hadi Mei, huwa zimekwisha na njia ya msituni haitelezi sana. Pili, mwezi huo jua letu huchomoza likikaribia saa 1:00 asubuhi, na Alfajiri huingia baada ya saa 11:30. Hivyo hatuhitaji kuwaamsha watoto usiku wa kiza kinene kama ambavyo tungelazimika mwezi wa Novemba.

Tutaondoka Jumamosi baada ya Alasiri, soko la vyungu likiwa limetawanyika na akina mama wa Kikisi wakirejea Ikombe kwa mitumbwi yao. Tutapitia Ipinda na kulala Tukuyu. Jambo hili la kulala njiani lilipingwa kwa ajili ya gharama, na pingamizi lilikuwa la haki, maana zipo familia ambazo mchango wa nauli peke yake ni mzigo. Kamati iliamua wenye uwezo waongeze, na jina la aliyesaidiwa lisitajwe. Atakayebaki nyumbani asibaki kwa kukosa fedha.

Saa 10:00 alfajiri magari yataondoka Tukuyu, moja la akina mama na watoto wadogo pamoja na maharimu wao, jingine la wanaume na vijana. Tutasimama chini ya msitu, mahali pa wazi, tusubiri wakati uingie. Hapo watoto wataonyeshwa tofauti kati ya alfajiri mbili: ile ya uongo, inayosimama kama mkia wa mwanga kuelekea juu kisha hufifia, na ile ya kweli, inayotanda kwa upana katika upeo. Wameisoma madrasani; wengi hawajaiona, kwa kuwa upeo wetu umezibwa na mlima.

Vijana walipendekeza tupande kwanza gizani, tuswali juu ukingoni. Pendekezo lilikuwa na uzuri wake, ila tulilikataa. Njia ya mwisho ina mwinuko mkali na mizizi mingi. Ukingo wa kasoko hauna ua wa kumzuia mtoto, na ukuta wake unaporomoka takriban mita mia mbili hadi majini. Tena mtu mmoja akiteguka mguu njiani, wote tutarudi katika kosa la mwaka jana. Basi tutaswali chini kwa jamaa, ndipo tupande.

Kwa mpango huu, yawezekana jua likatutangulia kwa dakika chache. Tumelipima jambo hilo na kuliridhia. Jua la kesho lipo kwa atakayejaaliwa kulifikia. Alfajiri ya leo ikipita hairudi. Na hata tukichelewa kidogo hatutakosa la kuona, kwa kuwa mwanga hushika kwanza kingo za kasoko kisha hushuka polepole, na ziwa lililo kilindini hubaki kivulini kwa muda. Hapo mtoto wa Lyulilo ataelewa kwa macho yake kwamba jua limekwishachomoza kwa walio juu, ilhali aliye chini bado analingojea.

Yapo na mahitaji madogo yanayoharibu safari yakisahauliwa. Kwetu ziwani ni kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa Ngozi unapita mita 2,500. Baridi huongezeka kwa nyuzi sita hivi kila mita elfu moja, basi mwenye kuondoka huku na kanzu nyepesi atatetemeka kule. Kila mtoto awe na sweta, soksi na viatu vya kufunga, malapa hapana. Kila familia ichukue dumu la maji ya udhu, na chupa ya chai yenye kuhifadhi moto. Mgonjwa anayehofia kudhurika kwa maji ya baridi amwone imamu kabla ya safari kuhusu tayamamu, asingoje kuuliza gizani. Kuhusu kupunguza swala, imamu atatuongoza kwa umbali wa safari. Alfajiri yenyewe haipunguzwi.

Ruhusa ya kuingia msituni kabla ya kukucha, ada na mwongoza njia, yote hayo tunayashughulikia mapema kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Hakuna atakayeshuka majini. Takataka zitarudi nasi. Na yale masimulizi ya mizimu na maji ya tiba yanayolizunguka ziwa tutayasikiliza kama masimulizi, bila kuchota maji kwa itikadi wala kutupa sarafu.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ameapa kwa alfajiri na ameapa kwa jua, na kila kimojawapo kina sura yake katika Qur'ani. Mwaka jana tulikimbilia cha pili tukakipoteza cha kwanza. Mwaka huu tumekubaliana na watoto wetu juu ya utaratibu, nao ndio walinzi wetu. Yule mtoto aliyetoboa siri kwa bibi amekabidhiwa kazi ya kuishika ratiba mkononi. Wakati ukiingia, yeye ndiye atakayesema, na hakuna dereva wala mwanakamati mwenye ruhusa ya kumjibu kwamba mbele kidogo pana mahali pazuri zaidi.

Familia zinazokusudia kusafiri zijiandikishe msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Na bibi yetu, ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda, ameomba jambo moja tu: tukirudi, aulizwe kwanza mtoto.

Wabillahi tawfiq.