Je, Wajua? Ugonjwa wa Busu Kambini

Je, wajua kwamba likizo za wanajeshi ndizo zilizofichua njia za mononyukliosisi? Katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, daktari wa jeshi Robert Hoagland aliona kwamba makadeti wenye homa, koo bovu, mitoki shingoni na uchovu usiokwisha walijaa zahanati yapata wiki sita baada ya likizo. Vijana walikuwa wametoka kuonana na wachumba wao. Mwaka 1955 akaandika kwamba ugonjwa huu hupita kwa mate, hasa kwa kubusiana. Raia ni nani akumbuke alikuwa wapi siku arobaini zilizopita? Likizo ya kadeti imeandikwa daftarini.

Ajabu ni kwamba kulala chumba kimoja na mgonjwa hakukuonekana kuongeza hatari.

Kirusi chenyewe, Epstein-Barr, kilionekana London mwaka 1964, katika seli za uvimbe wa saratani uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Afrika Mashariki watoto wengi hukipata wakiwa wadogo bila hata kuugua, na ndiyo maana ugonjwa huu hausikiki sana kambini kwetu.

Kundi la makadeti walioingia West Point mwaka 1969 lilipimwa damu kwa miaka minne. Karibu theluthi mbili walikuja tayari na kingamwili. Kati ya walioambukizwa chuoni, takriban robo tu ndio waliougua. Na kina nani hao? Aghalabu ni wale wenye hamu kubwa ya uofisa lakini masomo yanawashinda, hasa kama baba zao ni watu waliofanikiwa sana!

Mgonjwa hapewi dawa ya kuua kirusi, hupewa ED, yaani ruhusa ya kupumzika kazi. Bandama huvimba, na pigo moja la mieleka laweza kuipasua, hivyo mazoezi husimama kwa wiki kadhaa.

Jeshi la Marekani pia huhifadhi masalia ya damu ya askari waliopimwa Ukimwi. Mwaka 2022, watafiti wa Harvard walitangaza matokeo kutoka ghala hilo, baada ya kufuatilia askari zaidi ya milioni 10: kuambukizwa Epstein-Barr huongeza mara 32 hatari ya multipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu ala za neva za ubongo na uti wa mgongo. Kati ya wagonjwa 801 waliochunguzwa damu, ni mmoja tu ambaye sampuli yake ya mwisho haikuonyesha dalili ya kirusi hicho.