Mbwa Akimuuma Mtu

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya msitu na kando ya machimbo, kutoka Banalia mpaka Bafwasende na Ubundu, mnamjua mbwa. Anakwenda nanyi kuwinda, analinda nyumba usiku, anafukuza wanyama wanaoharibu mashamba. Ni mtumishi mwema. Lakini mbwa ana meno, na mara nyingine katika mate yake mna ugonjwa unaoua. Someni maneno haya, kisha wasomeeni jamaa zenu nyumbani, hasa watoto.

1. Kwa nini mbwa anauma?

Mbwa haumi bure. Anauma kwa kuwa anaogopa, au ni mgonjwa, au analinda kitu chake: chakula, watoto wake, nyumba ya bwana wake. Mbwa anayepigwa mawe kila siku hujifunza kuchukia watu.

Wengine husema: «Mbwa akitaka kuuma, kwanza atabweka.» Si kweli siku zote. Wako mbwa wa wawindaji wa msitu, wale wanaovikwa kengele ya mti shingoni, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Ndiyo maana wanavikwa kengele, mwindaji apate kujua walipo. Basi msingoje sauti. Tazameni mwili: mbwa amejikaza, manyoya ya mgongo yamesimama, meno yanaonekana, macho hayaondoki kwako.

Ukikutana na mbwa wa namna hiyo, usikimbie, maana mbwa hufuata kitu kinachokimbia. Simama kimya kama mti, mikono chini, wala usimkazie macho. Akitulia, rudi nyuma polepole. Akikuangusha, jikunje, funika shingo na masikio kwa mikono.

Wafundisheni watoto: wasimguse mbwa anayekula, wala anayelala, wala mwenye watoto. Mbwa wakipigana, mtu asitie mikono kati yao.

2. Kichaa cha mbwa ni nini?

Ni ugonjwa unaoletwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kinakaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Anapomuuma mtu, au anapolamba kidonda, kijidudu kinaingia mwilini. Kinafuata mishipa ya fahamu, polepole, mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo ni ya mwezi 1 mpaka miezi 3. Mara nyingine ni siku chache tu, mara nyingine hufika mwaka. Jeraha la kichwani au usoni ni baya kupita mengine, maana njia ya kwenda ubongoni ni fupi.

Siku hizo zote mtu anaonekana mzima. Jeraha limepona, analima, anachimba, amesahau. Kisha homa inakuja, mahali alipoumwa panawasha, hawezi kumeza, akiona maji koo linakaza, akili zinapotea. Katika siku chache anakufa. Ndugu wanasema amerogwa. Hakurogwa: ni jeraha lile la zamani. Dalili zikiisha kuonekana, hakuna dawa ya kumponya. Dawa iko kabla yake.

Katika dunia nzima ugonjwa huu unaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa.

3. Namna ya kumjua mbwa mgonjwa

Tabia yake inageuka. Mbwa mpole anakuwa mkali. Mbwa mkali anajificha gizani. Anauma miti na mawe, anatembea ovyo, sauti yake inageuka, mate yanamtoka. Mwingine hana ukali: taya linaanguka, miguu inalegea. Mtu akimwona hudhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani kumsaidia. Msifanye hivyo hata kidogo!

Mbwa aliyekufa hivyo msimchune wala msimle. Mshikeni kwa mti au jani pana, si kwa mikono mitupu, mfukieni katika shimo refu.

4. Mtu akiumwa, mfanye nini?

Kwanza, oshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15. Maji yamiminike juu ya jeraha, yasiwe ya kukaa katika beseni. Kazi hii hata mtoto anaweza kuifanya, nayo inaondoa vijidudu vingi. Jeraha dogo nalo lioshwe vivyo hivyo.

Pili, msitie pilipili, wala majivu, wala mafuta ya mawese. Lile jiwe jeusi ambalo watu huweka juu ya jeraha la nyoka haliondoi kichaa cha mbwa. Msilishone jeraha nyumbani.

Tatu, aende kwa mganga wa dispensari siku ile ile. Atapewa sindano za chanjo siku mbalimbali, na kama jeraha ni kubwa, dawa nyingine inatiwa katika jeraha lenyewe. Chanjo hukaa mahali pa baridi, kwa hiyo si kila dispensari inayo. Mwulizeni mganga iko wapi, mkaende huko. Banalia, Bafwasende na Ubundu ziko zaidi ya kilomita 100 kutoka Kisangani, na mvua ikinyesha njia ni matope. Ndiyo sababu ya kuondoka mapema. Na hata siku zimepita, nendeni tu: maadamu ugonjwa haujaonekana, sindano inaweza kumwokoa.

Sikieni habari hii. Mwezi wa 7 mwaka 1885, mtoto wa miaka 9 jina lake Joseph Meister aliumwa na mbwa mahali pengi mwilini. Mama yake alimpeleka Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur. Siku ya pili baada ya kuumwa sindano zikaanza, na mtoto hakupata kichaa. Chanjo ilishinda kijidudu njiani, kabla hakijafika ubongoni.

Aliyeanza sindano asiache katikati kwa sababu jeraha limekauka au kwa sababu kazi ya machimbo inamwita. Amalize zote alizoambiwa na mganga.

5. Na mbwa aliyeuma?

Kama ana bwana, na anaonekana mzima, msimwue. Mfungeni vizuri, mpeni maji na chakula, mtazameni siku 10. Akiwa angali mzima baada ya siku 10, hakuwa na kichaa katika mate yake siku ile alipouma, na mganga anaweza kusimamisha sindano. Lakini msingoje siku hizo 10 ndipo muanze dawa.

6. Kukinga kijiji

Watu wakisikia kichaa, huchukua fimbo na kuua mbwa wote. Hiyo haimalizi ugonjwa, kwa kuwa mbwa wengine huja kushika nafasi. Kinachomaliza ni chanjo ya mbwa. Wakichanjwa 7 katika kila mbwa 10, ugonjwa unakosa njia. Katika kisiwa cha Pemba walichanja mbwa, kichaa kikaisha. Mwaka 2016 kikaingia tena, wakachanja tena, kikaondoka. Basi mganga wa mifugo akiita mbwa, pelekeni wote, hata wadogo.

Ninyi wa machimbo, mnapohama msiache mbwa nyuma. Mbwa aliyeachwa bila bwana hana chakula wala chanjo, na kesho atauma mtoto wa mtu.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Katika watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mtoto aliyechokoza mbwa akaumwa, anaogopa fimbo ya baba, anaficha jeraha chini ya nguo. Akiulizwa, anasema ni mwiba. Mwambieni leo, kabla halijatokea: «Ukiumwa na mbwa, njoo uniambie, sitakupiga.» Neno hilo halina bei, nalo laweza kumwokoa mtoto wako.